Apu ya "Siku Kama ya Leo": nimeipima kwa tarehe moja tu, 11 Februari

Wapenzi wa mambo ya "siku kama ya leo" mnajua hizi apu zilivyojaa. Unaweka moja kwenye simu, kila asubuhi inakurushia notifikesheni, nani kazaliwa, nani kavunja rekodi, serikali ipi imeanguka. Ninayoizungumzia hapa ni moja ya hizo, jina siliweki maana sitaki ionekane natangaza wala nachafua biashara ya mtu, ila kama unatumia yoyote ya aina hii mengi nitakayosema utayakuta na kwako. Ina kurasa tatu kwa kila tarehe: Matukio, Waliozaliwa, Michezo. Basi. Unachagua tarehe unasoma, ukipenda kitu unakishea.

Badala ya kurukaruka mwaka mzima nimeichukua tarehe moja nikaikamua, 11 Februari, kwa sababu ni tarehe iliyojaa mpaka inamwagika, na ukiijua vizuri tarehe moja utagundua haraka sana kama waliotengeneza apu wanajua wanachofanya au wanakokota tu mistari kutoka huko na kuimwaga hapa.

Anza na 1990. Ilikuwa Jumapili. Nelson Mandela anatoka gereza la Victor Verster kule Paarl, miaka 27 kifungoni, jioni ya saa kumi na kitu, kamshika mkono mkewe Winnie, kanyanyua ngumi, dunia nzima imetoa macho kwenye TV. Tarehe hiyohiyo kule Tokyo, Mike Tyson aliyekuwa hajawahi kupoteza pambano hata moja, mapambano 37 yote kashinda, analambishwa sakafu raundi ya kumi na James "Buster" Douglas, jamaa ambaye watu wa kamari walikuwa wanampa 42 kwa 1 na aliyekuwa amefiwa na mama yake wiki tatu hivi kabla ya kupanda ulingoni. Mpaka leo kuna watu wanabishana kuhusu raundi ya nane, pale Douglas alipodondoka yeye na promota Don King akaja kulalamika kwamba refa alihesabu polepole.

Sasa apu inafanya nini na utajiri wote huu? Mandela kamuweka kwenye Matukio, sawa. Tyson kamuweka kwenye Michezo. Huku hawamjui wa kule na kule hawamjui wa huku. Hakuna hata kialama kidogo cha kukuambia kwamba hivi vitu viwili vimetokea ndani ya saa chache, na kwamba Tyson ndiye aliyetangulia, maana mchana wa Tokyo ni alfajiri ya Afrika Kusini, kwa hiyo siku Mandela anatoka gerezani bingwa wa dunia alikuwa tayari kashavuliwa mkanda tangu asubuhi na mapema. Na Mandela mwenyewe ujanani alikuwa bondia! Hapo mimi ndio nategemea apu ya namna hii iniamshe, iniambie jamani angalia hii, yenyewe kimya.

Tena kuna kituko. Ukirudi nyuma siku moja, ukafungua 10 Februari upande wa Michezo, unalikuta pambano lilelile la Tyson na Douglas, na picha ileile. Kisa ni kwamba Marekani walioangalia kwenye TV kwao ilikuwa bado Jumamosi usiku. Inaelekea mtu mmoja kaingiza kwa saa za Tokyo, mwingine kwa saa za Marekani, na hakuna aliyekagua. Na si hilo tu, pambano la Ali na Foreman nalo nimelikuta limegawanyika hivyohivyo, 29 na 30 Oktoba 1974, kwa sababu Kinshasa walipigana saa kumi alfajiri ili watu wa Marekani waangalie jioni yao. Tarehe sahihi ya pambano ni ya pale lilipopiganwa, 30 Oktoba, mbona ni jambo jepesi tu. Halafu ukishaweka 30 unapata raha nyingine, maana siku hiyo Diego Maradona alikuwa anatimiza miaka 14. Apu Maradona inaye, Ali inaye, ila kurasa tofauti, na wewe usipokuwa na akili ya kuunganisha unapita tu.

Twende 2024, hapa ndipo pameniuma zaidi.

11 Februari 2024 nayo ilikuwa Jumapili. Abidjan fainali ya AFCON, Ivory Coast na Nigeria. Wenyeji walikuwa wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta hatua ya makundi, kocha kafukuzwa katikati ya mashindano, kakabidhiwa Emerse Faé, wakapenya kwa nafasi ya timu bora za tatu yaani kwa kudra tu, halafu wakafika fainali. Troost-Ekong akaifungia Nigeria kwanza, Kessié akasawazisha, Sébastien Haller aliyekuwa ametoka kupambana na saratani akamalizia dakika ya 81. Mbili moja. Kwenye apu: "Ivory Coast yatwaa AFCON, 2-1." Mstari mmoja, nukta.

Usiku huohuo kule Kenya, karibu na Kaptagat, gari la Kelvin Kiptum lilipata ajali, akafa yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Miezi minne tu nyuma, 8 Oktoba 2023, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago, 2:00:35, na rekodi hiyo ilikuwa imeidhinishwa rasmi siku chache tu kabla ya ajali. Taarifa za polisi zilisema ilikuwa majira ya saa tano usiku. Saa tano usiku ya Kenya ni saa mbili usiku ya Abidjan, na fainali ilianza saa mbili usiku. Yaani filimbi ya kwanza ya Abidjan na ile ajali ni kama wakati uleule. Mamilioni ya Waafrika walikuwa wamekodoa macho kwenye mpira wakati barabara ile ya Kaptagat inammeza mkimbiaji aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya marathoni, na wengi wakaja kujua asubuhi ya 12.

Apu imemuweka Kiptum kwenye Michezo, mstari wa nne, chini ya Super Bowl (fainali ya mpira wa Kimarekani), na pembeni wamemuwekea alama ya kikombe. Kikombe! Kwa sababu ukurasa wa Michezo kila mstari unapewa kikombe, moja kwa moja, hakuna anayesoma. Ukurasa wa waliofariki hakuna kabisa kwenye hii apu, hivyo msiba wa mwanamichezo unaangukia kwenye kapu la ushindi. Whitney Houston, aliyefariki 11 Februari 2012 Beverly Hills akiwa na miaka 48, mkesha wa tuzo za muziki za Grammy, yeye sijamuona popote, maana si mwanamichezo na hakuzaliwa siku hiyo, na inaelekea aliyepanga Matukio hakuona kama ni tukio. Jamani. Kama mtu anasoma hapa na anatengeneza vitu hivi, weka ukurasa wa nne, itakusaidia sana.

Nimetaja Super Bowl, hiyo nayo ni ya tarehe hiyo, Las Vegas, Kansas City Chiefs 25, San Francisco 49ers 22, dakika za nyongeza. Apu imeichora kwa mbwembwe: "Fainali mbili kubwa siku moja, maajabu!" Hapana bana. Fainali huwekwa Jumapili kwa sababu watu wapo nyumbani na TV zinauza. Ukichukua mashindano makubwa mawili yakiishia yote Februari na yote yanapenda Jumapili, kugongana ni suala la muda tu. Hata hiyo 1990 ilikuwa Jumapili, na Mubarak wa Misri kuondoka madarakani 11 Februari 2011 ilikuwa Ijumaa, na si bahati kwamba ilikuwa Ijumaa, maana maandamano makubwa yalikuwa yanapangwa Ijumaa baada ya swala, siku 18 za maandamano zikamng'oa mtu aliyekaa karibu miaka 30. Siku ya wiki inaeleza mengi kuliko tarehe, na apu siku ya wiki haiiandiki. Kuongeza neno "Jumapili" kunachukua nafasi kiasi gani?

Haya, sitaki ionekane nimekuja kuponda tu. Ukurasa wa Matukio ni mzuri na ndio unanifanya nisiifute. Wamepanga kwa mwaka, wa zamani juu, na mpangilio huo wenyewe unaonyesha uzi ambao usingeuona. Angalia 11 Februari: 1858 Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14, anasema kamuona bibi mmoja, anayeaminika kuwa Bikira Maria, kwenye pango Lourdes, Ufaransa. 1929 Mussolini na Kanisa wanasaini mkataba wa Laterano, Vatikani inakuwa nchi. 2013 Papa Benedikto XVI anatangaza kwamba anang'atuka, papa wa kwanza kufanya hivyo tangu 1415. Ukiyasoma yakifuatana unaona kwamba tangazo la 2013 liliangukia sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes, siku ambayo Kanisa limeifanya pia Siku ya Wagonjwa Duniani, na papa mwenyewe anasema nguvu zimeniishia. Hapo tarehe inabeba maana kweli. Tena wameweka maelezo mafupi chini ya kila mwaka, sentensi mbili tatu, yameandikwa na mtu anayejua kuandika. Huyo mtu mpeni na ukurasa wa Michezo.

Mapinduzi ya Iran yapo pia, 1979, na kuna maelezo kwamba wao wanaadhimisha 22 Bahman kwa kalenda yao. Hilo nimelipenda sana. Ndiyo kitu ninachokitaka kwa kila mstari.

Maana suala la kalenda ndilo linawaangusha hawa watu kila siku. Mfano George Washington. Kama ungekuwepo siku anazaliwa ukauliza leo tarehe ngapi, ungeambiwa 11 Februari 1731. Leo anaandikwa 22 Februari 1732. Siku 11 zimeongezeka na mwaka umebadilika! Ni kwamba Waingereza na makoloni yao walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani ya Julius, na mwaka mpya kisheria walikuwa wanauanza 25 Machi, mpaka 1752 walipohamia kalenda ya Gregori, wakalala Jumatano 2 Septemba wakaamka Alhamisi 14 Septemba. Apu imemuweka Washington 22 Februari, sahihi, ila kwenye 11 Februari hakuna hata kidokezo, na hicho ndicho kidokezo kitamu kuliko orodha nzima ya waigizaji.

Halafu ukienda 23 Aprili wanakuambia Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Wanaiweka kama "Ajabu ya Siku" na rangi ya dhahabu. Si kweli. Hispania ilikuwa tayari kwenye kalenda mpya, Uingereza bado, kwa hiyo tarehe inafanana kwenye karatasi lakini kati yao kuna siku kumi, na Cervantes mwenyewe inasemekana alikata roho 22, hiyo 23 ni ya maziko. UNESCO wanaadhimisha Siku ya Vitabu tarehe hiyo, sawa, hiyo ni heshima tu, ila apu isiseme walikufa siku moja.

Sasa Waliozaliwa. Hapa sina mengi. 11 Februari juu kabisa yupo Jennifer Aniston, 1969, kisha Kelly Rowland, 1981, Sheryl Crow, 1962, kisha mlolongo wa vijana wa mitandaoni ambao kazi yao apu inaandika "mtu maarufu", halafu ukiskroli mpaka kidole kichoke ndio unamkuta Thomas Edison, 1847. Wanapanga kwa anayebofywa zaidi. Naelewa, biashara. Lakini angalau wangetoa kitufe cha kupanga kwa mwaka kama kwenye Matukio. Na wanamichezo waliozaliwa hawawekwi kwenye Michezo, wapo huku wamechanganyika na waimbaji, ndiyo maana kile kitu kizuri cha Abebe Bikila kinapotea: alizaliwa 7 Agosti 1932, siku ileile ambayo marathoni ya Olimpiki ilikuwa inakimbiwa Los Angeles. Miaka 28 baadaye akashinda marathoni ya Olimpiki Roma bila viatu. Mtoto anazaliwa Ethiopia siku ya mbio ambazo atakuja kuzitawala! Apu ina Bikila, ina Olimpiki ya 1932, na haijui kama ina hazina mkononi.

Vilevile hakuna hata nyota ndogo ya kusema tarehe hii ina utata. Pelé tunamsherehekea 23 Oktoba 1940, lakini cheti chake cha kuzaliwa kinasema 21. Mwenyewe alilisema hilo.

Kuna kipengele kingine wanakipigia debe sana, unaingiza tarehe yako ya kuzaliwa wanakutajia "pacha wako maarufu". Kinafurahisha mara moja, ukimwonyesha mwenzako mnacheka, basi. Kinachonikera ni lugha yao ya "nafasi ya hili kutokea ni ndogo mno!" Ndogo wapi? Siku ni 366 tu na watu maarufu ni maelfu kwa maelfu, kila tarehe lazima ijae. Chumba chenye watu 23 tu, nafasi ya wawili kushea tarehe ya kuzaliwa tayari imezidi nusu, kwa sababu watu 23 wanatoa jozi 253 za kulinganisha. Cristiano Ronaldo, Neymar, Tevez na Hagi wote 5 Februari, inapendeza, ila wachezaji wakubwa ni wengi hivyo lazima tarehe fulani ipate mafungu. Mwaka ukifanana nao, hapo nakaa vizuri: Abraham Lincoln na Charles Darwin, wote 12 Februari 1809, bahari nzima katikati. Au Adams na Jefferson, marais wawili wa Marekani waliosaini wote Tangazo la Uhuru, wakafa wote 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu lipitishwe. Hiyo weka rangi ya dhahabu, sibishi.

Kwa upande wa michezo kuna mambo ya Usain Bolt, mkimbiaji wa Jamaika, wameyapatia vizuri, lazima niwape haki yao. 16 Agosti 2008 Beijing mita 100 kwa 9.69, 16 Agosti 2009 Berlin 9.58. 20 Agosti 2008 mita 200 kwa 19.30, 20 Agosti 2009 kwa 19.19. Na amezaliwa 21 Agosti. Wameyaweka pamoja kwenye kadi moja inayotelezeshwa, mwaka na mwaka ubavuni, ukiiona tu unaelewa bila kuelezwa. Yaani uwezo wanao, hawautumii kila mahali.

Jambo la mwisho zito: kinachofichwa nyuma ya "ona zaidi". Kila ukurasa unafungua mistari mitano, mengine ubofye. Fungua 17 Januari. Unaanza na Muhammad Ali kuzaliwa 1942, vizuri, Michelle Obama 1964, Jim Carrey 1962, na Al Capone 1899. Patrice Lumumba, aliyeuawa 17 Januari 1961 siku Ali anatimiza miaka 19, yupo nyuma ya "ona zaidi". Na miaka 13 baadaye Ali anakwenda kupigana kwenye nchi ileile ambayo Lumumba alikuwa waziri mkuu. Fungua 14 Oktoba, rubani Chuck Yeager anavuka kasi ya sauti 1947 yupo juu, mwimbaji Usher kazaliwa 1978 yupo juu, Mwalimu Nyerere kufariki 1999 bofya "ona zaidi" kisha teremka. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuchagua bara unalotaka lipewe kipaumbele, nimeweka Afrika, mpangilio ukabadilika kwa Matukio tu, Michezo na Waliozaliwa vikabaki vilevile. Fanyeni hiyo seting ifanye kazi kurasa zote.

Mengineyo kwa haraka: inafunguka bila intaneti ukishapakua mwezi mzima, hiyo safi. Matangazo yanatokea kila ukibadilisha ukurasa, unavumilia. Kutafuta kwa jina ni kizunguzungu, ukiandika Kiptum bila jina la kwanza haimpati. Picha za kushea zinatoka na nembo yao kubwa kuliko maandishi. 29 Februari wameipa ukurasa wake na hawaichomeki kwenye 28 miaka ya kawaida, nimefurahi.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne naiongeza siku wakiweka saa na siku ya wiki kwenye kila tukio, na wamtoe Kiptum ile alama ya kikombe.